Maimamu wa Mkuyuni

Kila Idi ya kuchinja, wanangu wakishagawa nyama na jirani wakishapata fungu lao, huwa natafuta shughuli ya kunitoa uani. Nitasema nakwenda kumpa mkono wa Idi shoga yangu, nitasema kichwa kinaniuma, nitasema lolote. Ukweli ni kwamba siwezi kukaa mahali ilipowambwa ngozi mbichi, imepigiliwa vigingi chini na kupakwa chumvi na majivu. Harufu ile ikinipata hunirudisha Bongwe, nyumbani kwa babu yangu, nami sipendi kurudishwa huko. Wanangu hunicheka. Wanasema mama ana maringo, mchuzi wa mbuzi anaunywa mpaka analamba vidole, lakini ngozi yake hataki kuiona. Nimewaacha wacheke miaka mingi, na mwaka huu nimeona afadhali niseme.

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka siku zile. Bendera ilikuwa mpya, na kila kitu kikawa cha Uhuru: kanga za Uhuru, ngoma za Uhuru, hata jirani yetu mmoja alikuwa na jogoo akimwita Uhuru kwa sababu hakubali kufungiwa. Diani haikuwa hii ya leo. Kutoka Bongwe kwenda pwani ulipita msitu, na msitu wenyewe ulikuwa msitu kweli, mivule na mibambakofi imeshonana juu mpaka mchana kweupe unatembea kivulini. Ncha ya msitu ule ilifika nyuma ya msikiti wetu mdogo wa makuti, na mti wa mwisho, uliokaribia kabisa kuingia msikitini, ulikuwa mkuyu mkubwa. Juu ya mkuyu huo ndiko walikokaa mbega.

Mama yangu alikuwa ameolewa tena Msambweni, nami nikabaki kwa babu na bibi. Babu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na ndiye aliyeadhini, kwa hiyo watu wote walimwita Mwalimu, na neno lake lilikuwa zito. Mimi aliniita mke wangu, kama wafanyavyo mababu wote kwetu, na bibi alijifanya kununa. "Haya, mke mwenzangu," angesema akinipa kinu, "ukitaka mume uyajue na mahindi." Nilimpenda babu kupita kiasi. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mama, na hilo nalisema wazi kwa sababu bila kulijua hutayaelewa yaliyofuata.

Alfajiri alikuwa akiniamsha nimshikie birika ya kutawadhia. Alikuwa na watu wazima wa kumshikia, lakini alinitaka mimi. Akimaliza kutawadha alisimama mlangoni mwa msikiti, akaweka viganja masikioni, akaadhini. Na kila alipomaliza, juu mkuyuni mbega mkubwa alijibu. Mlio wa mbega si mzuri, ni wa kukoroma, unatoka tumboni na kuzunguka msitu mzima, kisha wengine mbali wakaupokea. Mara ya kwanza nilimkumbatia babu miguuni nikamwaga maji yote.

"Usiogope, mke wangu," akaniambia. "Wanaitikia."

"Nani?"

"Mbega. Nao ni waja wa Mungu. Wakisikia adhana huitikia, kisha huswali."

Nikangoja kupambazuke nione. Na kweli niliona. Jua lilipochomoza, mbega walikuwa wamepanda matawi ya juu kabisa, wamekaa wameelekea upande mmoja, mikono magotini, kimya, hakuna anayechezacheza wala anayekula. Tena mavazi yao! Weusi tii mwili mzima, na mabegani mashungi marefu meupe, na uso umezungukwa na ndevu nyeupe. Ukinionyesha leo shekhe amevaa joho, nitakuambia umbo lile nililiona kwanza juu ya mti. Mmoja alikuwa mkubwa kuwapita wote, naye hukaa tawi la mbele. Shungi lake la bega la kushoto lilikuwa pungufu, limenyofoka siku nyingi, labda kwa kupigana. Huyo nikamwita Imamu.

Tangu hapo sikuwa na kazi nyingine. Niliwachunguza mbega wale kama mama mkwe anavyomchunguza mke wa mwanawe. Niligundua kwamba hawana dole gumba, nikaenda kumwuliza babu. Akasema Mungu aliwanyima dole gumba ili wasije wakaiba mahindi ya watu, na ndiyo maana ngedere ni mwizi na mbega ni mstaarabu. Nikaona ni kweli, maana shamba letu lilikuwa linaliwa na ngedere kila msimu, na mbega hata siku moja hakushuka. Niligundua pia kwamba watoto wao huzaliwa weupe pe pe pe, kisha weusi huja taratibu. Nikasema huyo aliyezaliwa mweupe ameshahiji huko alikotoka. Babu alicheka mpaka kofia ikaanguka, lakini hakunikanusha.

Kisha ikaja Ramadhani. Mchana mmoja nikamkuta Imamu amekaa juu ya tawi anakula majani, anatafuna bila haya. Nilikimbia mpaka chuoni nikiwa nalia, nikamkatiza babu mbele ya wanafunzi wake.

"Babu, Imamu anakula mchana!"

Akasema, "Labda ni msafiri. Msafiri ameruhusiwa."

"Hajasafiri! Yuko palepale tangu jana."

"Basi mgonjwa."

"Anaruka babu, si mgonjwa!"

"Mke wangu," akasema, na wanafunzi wote wameziba midomo, "tumbo la mbega halijui mchana wala usiku, lafanya kazi kutwa. Mwenye udhuru hahukumiwi. Atalipa."

Nikafuta machozi nikaondoka nimeridhika. Hivyo ndivyo alivyokuwa babu, kila jambo alilipatia hukumu yake, na hukumu yake ilikuwa na huruma. Mwanamke akija na shida ya kuchelewa kulipa funga, mvuvi akija na shaka ya nguo yake, babu alikuna ndevu, akatafuta, akapata mlango wa kumpitishia. Nilidhani milango ile yote ilikuwa inafunguka kwenye wema.

Alikuwako mwindaji mmoja, Mwachiti, mtu wa upande wa Kinango aliyeoa kwetu. Mkono wake na upinde vilikuwa kitu kimoja, na mshale wake ulikuwa wa sumu, hautoboi sana lakini hauponyeki. Siku moja alikuja mkuyuni kuwatazama mbega, akauvuta upinde taratibu kuupima. Sisi watoto tulipiga kelele, babu akatoka na mswala mkononi.

"Mwachiti! Utamwua mtu yumo katika swala?"

Mwachiti hakuwa mtu wa msikitini sana. Lakini aliuteremsha upinde, akacheka kwa aibu, akasema kwa heshima ya kwao, "Taire, Mwalimu. Sikujua nimefika msikitini." Akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeugusa mkuyu ule wala miti iliyokuwa nyuma yake. Watu wa kukata boriti walizunguka mbali. Wanawake hatukuokota kuni pale ila zilizoanguka zenyewe. Hapakuwa na ua, hapakuwa na askari, palikuwa na neno la babu tu, na neno lile lilitosha.

Sasa ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa serikali atakuja Ukunda kuhutubia baraza. Jina lake silitaji. Amekwishakufa, na pengine hakujua lolote. Naibu chifu wetu, Mzee Kassim, akazunguka vijijini kuwataka watu wajitayarishe. Wanafunzi wa shule tukafundishwa wimbo. Wanaume wakakutana barazani msikitini baada ya swala ya alasiri kushauriana Bongwe itatoa zawadi gani. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nasuka ukili wa bibi, masikio yangu yote yapo kwao.

Mmoja akasema mikeka. Wakamcheka, mikeka ni ya kila mtu. Mwingine akasema nazi na madafu. Mzee Kassim akatikisa kichwa.

"Jamani, mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Hawa wakubwa wa bara mmewaona kwenye magazeti. Mabegani wana ngozi. Huko kwao mtu akivishwa mbega, basi ameheshimiwa. Na nyinyi mbega mnao, mnawatazama bure. Mkono mtupu haulambwi. Mnasikia habari za ardhi ya pwani, kwamba itapimwa, itagawanywa. Sisi hapa nani ana karatasi ya shamba lake? Huyu mtu akituweka moyoni, msitu huu na mashamba haya ni yetu. Asipotuweka, shauri yenu."

Kila mtu alimtazama babu. Mimi nikaacha ukili nikamtazama nikitabasamu, maana nilijua jawabu lake kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa hata nawaonea huruma wale wazee kwa aibu watakayopata. Atawauliza: mtamwua mtu yumo katika swala?

Babu akakuna ndevu. Alikuna muda mrefu. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chuoni, "Nyama ya mbega ni haramu kuila, hilo mnalijua. Lakini ngozi ni jambo jingine. Ngozi ikitengenezwa vizuri, ikaoshwa, imetahirika, ila ya mbwa na nguruwe. Mbega si mbwa, wala si nguruwe."

Wazee wakashusha pumzi. Mzee Kassim akasema, "Mungu akuzidishie, Mwalimu." Wakaanza kuzungumza mengine.

Mimi sikuelewa. Nasema kweli, sikuelewa hata kidogo. Nilidhani babu amewafundisha somo, kama siku zote, kwamba ngozi ya mbega ni twahara. Na kwa nini isiwe twahara, ikiwa mwenyewe anaswali? Nilirudi nyumbani nikamweleza bibi kwa majivuno kwamba babu amesema mbega ni wasafi kuliko mbwa na nguruwe. Bibi alikuwa anakuna nazi. Aliacha kukuna, akaniangalia, akaendelea kukuna.

Kesho yake alfajiri babu hakuniamsha. Niliamshwa na adhana yenyewe. Nikatoka mbio nikidhani nimechelewa, nikasimama uani kusikiliza. Babu akamaliza. Juu mkuyuni hapakujibiwa. Nikadhani labda Imamu hakusikia, nikasema moyoni, babu, adhini tena. Palipopambazuka nikaona matawi ya juu ni matupu, na chini ya mti Mwachiti amechutama anafuta kisu kwa majani. Hakunitazama.

Nyuma ya nyumba yetu, mahali babu alipokuwa akiwamba ngozi za mbuzi za matari ya maulidi, zilikuwa zimewambwa ngozi nyeusi zenye mashungi meupe. Babu alikuwa amechutama na msuli wake wa nyumbani, anazisugua chumvi na majivu, na pembeni sufuria ya magome ya mkoko inachemka, maji yake mekundu. Harufu ile nilikuwa naijua tangu nikiwa mdogo kabisa. Nilikuwa naipenda, kwa sababu ilikuwa harufu ya maulidi. Nikatembea nikizitazama moja moja mpaka nikaifikia ile yenye bega pungufu.

"Babu, huyu ni Imamu."

"Njoo hapa, mke wangu."

"Huyu ni Imamu, babu."

"Njoo ukae. Nitakueleza." Sikukaa. Akaendelea kusugua huku akisema, taratibu, "Mnyama ni mnyama. Mungu ametuumbia tuwatumie. Na jambo hili ni la watu wote, si langu."

"Ulisema wanaswali."

"Nilisema ili msiwarushie mawe. Mtoto humwambii haki akasikia, husikia hadithi. Walikuwa wanaota jua tu, mke wangu. Wana majani tumboni, asubuhi wanahisi baridi."

Nakumbuka nilivyotazama mikono yake. Ilikuwa ileile niliyoimiminia maji ya birika, ileile iliyoniongoza kidole kwenye alifu na be. Kilichoniuma si kwamba mbega hawaswali. Labda siku moja ningekua nikalijua hilo mwenyewe, nikacheka. Niliumia kwamba babu alilijua muda wote, na kwamba alikuwa na neno moja la kunilaza nimetulia na neno jingine la kuwapa wazee barazani, na yote mawili aliyasema kwa sauti ileile. Wazee walidanganywa kidogo kuliko mimi. Mimi ndiye niliyeamini.

Akataka kunipoza. Akamwita Mwachiti, na Mwachiti akaleta kikapu. Ndani yake mlikuwa na kitoto cheupe, kama wale niliosema wameshahiji, kimekumbatia kipande cha gunia kama kwamba ni mama yake. "Huyu wako," babu akasema. "Mlee." Nilimpa tui la nazi kwa kidole, nikampa uji, nikamtafunia majani ya mkuyu nikamtilia mdomoni. Alikuwa akinitazama tu. Usingizini alilia kwa sauti ndogo, nami nikamfunika kanga. Hakufikisha Ijumaa.

Nilimzika mwenyewe, chini ya mkuyu. Nilikuwa nimeona watu wakizikwa, nilijua inavyofanywa. Nilichana kipande cha bafta ya bibi nikamfunga sanda, nikachimba kwa kifuu, nikamlaza ubavu wa kulia uso nimeuelekeza kibla. Nilipokuwa nasoma Fatiha nikasikia viatu vya babu nyuma yangu.

"Haifai, mke wangu," akasema kwa upole. "Mnyama hazikwi hivyo. Mfunue uso, mgeuze, mfukie tu."

Yule mtu aliyempatia mlango mwanamke mwenye deni la funga, na mvuvi, na Mzee Kassim, na serikali nzima, kwa kitoto kile hakupata mlango. Nilifukia upesi upesi kabla hajafika kukishika. Nikasimama juu ya udongo kwa miguu yote miwili nikamtazama machoni. Aliondoka, na wakati wa chakula cha mchana sikumwitika aliponiita.

Siku ya baraza ilikuwa siku ya joto, si joto la mchezo. Tulipangwa barabarani na sare zetu, tukaimba mpaka koo zikakauka. Mkubwa alipofika tulipiga vigelegele. Babu, amevaa kanzu nyeupe na joho lake la Idi, ndiye aliyepewa heshima ya kumvisha. Zile ngozi zilikuwa zimeshonwa pamoja zikawa joho la kweli, mashungi yanaangukia mpaka kiunoni, na nisiposema uongo, lilikuwa zuri. Watu walisema subhanallah. Yule mkubwa akacheka, akainua mkono, akasema ahsanteni sana watu wa Bongwe, sitawasahau. Babu aliposhuka jukwaani uso wake ulikuwa unang'aa, akanitafuta kwa macho katika mstari wa wanafunzi. Nikamtazama mwalimu wangu wa shule.

Hotuba ilikuwa haijafika nusu, yule mkubwa akaanza kujipangusa shingo kwa leso. Akapangusa tena. Kisha akalivua joho, akalinyoosha nyuma bila kutazama, na dereva wake akaja kulipokea. Sisi wadogo tulikuwa karibu na gari. Dereva alikuwa kijana tu, si mtu mbaya, anashughulika kupakia madafu na mikungu ya ndizi ambayo vijiji vingine vilikuwa vimeleta, na madafu yanagongana humo nyuma. Akatazama huku na huku. Akalitandika joho chini, akayapanga madafu juu yake ili yasigongane, na shungi lililobaki nje akalisukuma ndani kwa kiatu. Nililiona bega la kushoto kabla hajafunga mlango.

Nikageuka. Babu alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, na alikuwa anatazama nilichokuwa natazama. Ningependa kuwaambia kwamba alilia, au alinishika mkono, au alisema neno. Alitengeneza kofia yake. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Jua kali leo," na bibi akamjibu, "Kali kweli."

Mambo mengine mtayajua bila mimi kuwaambia. Yule mkubwa alitusahau, kama alivyoahidi kutotusahau. Lakini si yeye aliyeanza kuuharibu msitu. Haikupita mvua moja, watu wa kukata boriti wakaingia msitu wa nyuma ya msikiti. Babu alipotoka na mswala wake akawaambia hapa hapakatwi, kijana mmoja akamjibu, kwa adabu zote, hana hata kicheko, "Kwa nini, Mwalimu? Maimamu si uliwachuna?" Wakakata. Baada ya boriti wakaja wachoma mkaa, na walikuwa watu wetu wenyewe, majirani, watu waliokuwa wakizunguka mbali ili wasipite chini ya mkuyu. Wakaja wapimaji na vigingi vya saruji. Karatasi zilipotoka, majina yaliyomo hatukujua hata kuyatamka. Mkuyu ulikatwa mwisho, kwa sababu ulikuwa mgumu kuangusha bila kuvunja msikiti.

Watu wakikaa huzungumza habari za msitu wa Diani na kulaumu mahoteli, kulaumu watu wa bara, kulaumu serikali. Siwakatazi, kila mmoja alitwaa chake. Lakini mimi nilikuwako siku msitu ule ulipotoka mikononi mwetu, na siku hiyo hapakuwa na mgeni hata mmoja. Walikuwa wazee wetu, barazani petu, baada ya swala. Ulikuwa umelindwa na neno, na aliyelitoa neno ndiye aliyelirudisha mfukoni alipoona lina bei.

Nilikaa na babu yangu mpaka kufa kwake. Nilimpikia, nilimfulia, nilimtii, hakuna atakayesema sikutimiza. Ila sikuwahi kumwamini tena, na hata alipokuwa akinifundisha sura mpya nilikuwa najiuliza hii nayo ameniambia ili nisirushe jiwe gani. Aliendelea kuniita mke wangu. Niliitika "labeka, babu," na utani ukafa hivyo hivyo bila matanga.

Mwishoni macho yake yaliziba kabisa. Msikiti ulikuwa umejengwa upya kwa mawe na una kipaza sauti, kijana mwingine anaadhini, na nyuma ya msikiti ni ukuta wa nyumba za wafanyakazi wa hoteli. Asubuhi moja nilimletea birika kitandani. Adhana ilikuwa imekwisha. Mabati ya jirani yakalialia, sijui paka, sijui upepo. Babu akainua kichwa, akanishika kiganja, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya baraza.

"Mke wangu! Wameitikia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo, na yeye mwenyewe alinifundisha jinsi linavyosemwa.

"Mnyama ni mnyama, babu," nikamwambia. "Nyoosha mikono nikumiminie maji."

Akanyoosha. Nikammiminia mpaka akamaliza miguu, nikamwelekeza kibla, akaanza kuswali kwa kukaa. Mimi nikatoka uani, nikasimama kuutazama ule ukuta, mahali ulipokuwa mkuyu, mpaka jua likachomoza. Nilikuwa nimemwambia kweli tupu. Na bado nilisimama pale, mtu mzima mwenye watoto, nangoja kusikia nani ataitikia.